Nani Alikuwepo, na Sisi Tumejuaje?

Katika kazi za wanafunzi wangu wa stashahada hapa Bagamoyo kuna dai ambalo haupiti mwaka bila kujitokeza kwenye karatasi ya mtu: kwamba David Livingstone alikaa katika misheni ya Bagamoyo na akafariki hapa mwaka 1873. Mwaka ni sahihi. Mengine si sahihi. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Bagamoyo alifikishwa akiwa maiti mwezi Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miezi mingi na watu waliokuwa wakisafiri naye bara. Anayeandika dai hilo kwa kawaida si mvivu. Amepita penye mnara wa kanisa la zamani la misheni, amesikia ukiitwa kwa jina la Livingstone, ameingia intaneti akakuta jina lilelile, mji uleule na mwaka uleule katika ukurasa mmoja, akaviunganisha. Chini ameweka marejeleo, nayo yamepangwa kwa alfabeti, nukta na mkato kila kimoja mahali pake.

Nafundisha mbinu za utafiti, somo ambalo wanafunzi huliogopa na ambalo baadhi ya wakufunzi huliona kama la kujazia ratiba. Mafunzo ambayo mwanafunzi huyo amepata kuhusu kutafuta taarifa, kama yalivyo katika vyuo vingi ninavyovifahamu, ni saa moja ya kutembezwa maktaba katika wiki ya kwanza, pamoja na wenzake mia na zaidi, wote wakiwa bado wanatafuta vyumba vya kupanga. Anaonyeshwa mahali pa kuacha begi, namba zilizo kwenye migongo ya vitabu, na kompyuta chache zilizopo. Anajulishwa faini ya kuchelewesha kitabu. Hakuna anayemwonyesha namna ya kuamua kama jambo aliloliona kwenye kitabu hicho linaaminika. Hali hii inashangaza zaidi katika mji huu, kwa sababu ni hapa Bagamoyo kilipo chuo cha ukutubi na nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wakutubi wengi wa nchi hii wamesomea hatua chache tu kutoka baharini, ilhali vijana wa vyuo vingine huja kukutana na mkutubi siku ya kurudisha vitabu ili wasainiwe fomu ya kumaliza chuo.

Palipo na mafunzo zaidi ya hayo, mara nyingi huwa ni orodha ya maswali ya kuuliza mbele ya ukurasa wa intaneti. Iliyoenea zaidi ilitungwa mwaka 2004 na wakutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, tawi la Chico, nayo inamtaka msomaji aangalie taarifa ni ya lini, inahusianaje na hitaji lake, nani ameiandika, ina usahihi gani na imeandikwa kwa madhumuni gani. Maswali yote hayo ni mazuri. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huyajibu kwa kuendelea kuutazama ukurasa uleule anaoushuku, kana kwamba mshtakiwa ndiye atakayetoa ushahidi wa tabia yake mwenyewe. Ukurasa una anwani, una jina la mwandishi, una tarehe, una nembo: vema, umepita.

Utafiti ambao Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliutoa mwaka 2017 ulionyesha jambo hilo waziwazi. Waliwaketisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa, pamoja na mengine, tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayokaribiana sana. Kimoja kilianzishwa mwaka 1930 na kina makumi ya maelfu ya wanachama. Kingine ni kikundi kidogo kilichoanzishwa mwaka 2002 baada ya watu wachache kutofautiana na kile kikubwa katika suala la malezi ya watoto na wapenzi wa jinsia moja. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walisoma tovuti ya kikundi kidogo kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na mpangilio wake na marejeleo yake, wakaiamini. Wahakiki walifanya kinyume: walikaa hapo kidogo tu, wakafungua kurasa nyingine kutafuta watu wengine wanasema nini kuhusu kikundi hicho, kisha ndipo wakarudi kusoma. Kwa maneno mengine, waliuliza habari za msemaji kabla ya kumsikiliza.

Nilipoueleza utafiti huo darasani, kijana mmoja aliyekulia Dunda akasema, "Mwalimu, hiyo si ndiyo isnadi?" Wanafunzi wengi wa hapa wamesoma madrasa kabla ya sekondari na wakati wa sekondari, na wanajua kwamba hadithi ya Mtume haitajwi tu, hutajwa pamoja na mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kwa aliyesikia mwenyewe. Wanajua pia kwamba wanazuoni hawakutosheka na mlolongo kuwepo, bali walichunguza kila mpokezi: alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, aliishi zama moja na yule anayedai kumsikia, na je, waliweza kukutana? Nilikuwa nimetafuta kwa muda mrefu njia ya kueleza kwamba marejeleo si pambo la ukurasa wa mwisho, na njia hiyo ilikuwa imekaa darasani miaka yote. Waliosoma seminari wana mifano yao pia, lakini hii ya isnadi ndiyo imeingia katika lugha ya darasa letu, kiasi kwamba wasio Waislamu nao huulizana, "Isnadi yako iko wapi?"

Kwa hiyo Livingstone sasa simsahihishi kwa kalamu nyekundu. Naandika ubaoni tarehe nne. Machi 1866, anatua Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu wanaanzisha misheni Bagamoyo. Mei 1873, anafariki. Februari 1874, maiti inafika Bagamoyo. Kisha nawauliza: ni lini Livingstone akiwa hai angeweza kulala katika misheni hii? Wanahitaji jambo moja zaidi, nalo ni kama aliwahi kurudi pwani kati ya 1866 na kifo chake. Wanalitafuta na kukuta kwamba hakurudi, hata Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, ilibidi amfuate Ujiji mwaka 1871. Basi misheni na mtu huyo hawakukutana mpaka alipoletwa ndani ya gome na turubai. Ni hesabu ya tarehe mbili tu, wala haihitaji kitabu cha gharama, lakini kijana aliyeifanya mwenyewe hairudishi tena sentensi ile.

Baada ya hapo linafuata swali ninalolipenda zaidi: hayo ya kwa Chitambo tumeyajuaje? Hakukuwa na Mzungu mwingine pale. Livingstone mwenyewe aliandika kwa mara ya mwisho katika shajara yake tarehe 27 Aprili 1873. Yaliyofuata, tangu alivyokutwa amepiga magoti kando ya kitanda mpaka moyo wake ulivyozikwa chini ya mti, yametoka kwa waliokuwepo, hasa Abdullah Susi na James Chuma, ambao mwaka 1874 walipelekwa Uingereza wakamsimulia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, naye akayaweka katika kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone alichokihariri na kukitoa mwaka huohuo. Hapa wanafunzi huanza kujiinua kwenye viti, kwa sababu walidhani habari hizi zilitoka kwa Wazungu, kumbe mpokezi wa kwanza ni Mwafrika na Mzungu ni mpokezi wa pili.

Alikuwepo na mtu wa tatu, Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik, India. Yeye alijua kusoma na kuandika Kiingereza, aliweka shajara yake mwenyewe, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti kwa Chitambo. Baadaye alisafiri na jeneza hadi Uingereza na alikuwa miongoni mwa waliolibeba Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Maandishi ya mti yalitaja tarehe 4 Mei 1873. Jiwe la kaburi la Westminster Abbey linasema 1 Mei.

Nikifika hapo darasa hutaka niseme ipi ndiyo sahihi, iandikwe, twende chai. Sisemi. Nawaachia wabishane: mti ulichongwa na mtu aliyekuwepo, tena siku zilezile, jiwe liliwekwa mbali na baadaye, lakini na watu waliopata nafasi ya kulinganisha shajara na masimulizi. Nani katika msafara alikuwa akihesabu siku baada ya mwenye kalenda kuzidiwa na ugonjwa? Tarehe ya mtini ni ya kufa, au ni ya siku walipochonga? Kuna wanaomtetea Wainwright kwa nguvu zote, na kuna binti mmoja aliyesema kwamba mtu aliyeona anaweza kukosea tarehe bila kukosea tukio. Ninachotaka waondoke nacho ni kwamba wanaweza kuandika "vyanzo vinatofautiana", wakaeleza vinatofautiana wapi na kwa nini, na wakapata alama zote. Wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba hilo linaruhusiwa.

Maswali hayahaya huwa magumu zaidi chanzo kinapokuwa mzee aliyeketi barazani. Vyuo vya hapa hupenda kuwatuma wanafunzi kwa wazee, jambo jema, kwa maana mengi ya mji huu hayajaandikwa. Lakini kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mtu wa umri wa babu yake "una ushahidi gani?" na asionekane amekosa adabu. Hivyo tunafanya mazoezi ya kuuliza. Baada ya shikamoo na habari za afya, na baada ya kusikiliza bila kukatiza, mwanafunzi anajifunza kusema: "Babu, haya uliyaona kwa macho, au ulihadithiwa? Na aliyekuhadithia yeye aliyapata kwa nani?" Wazee hawachukii swali hilo hata kidogo, aghalabu hulifurahia, wakaanza kutaja bibi mzaa mama na mjomba aliyekuwa nahodha, na kile ambacho kingeandikwa "wazee wanasema" kinageuka kuwa masimulizi ya mtu mwenye jina, aliyezaliwa mwaka fulani, aliyesikia kutoka kwa mtu mwingine mwenye jina. Namna hiyo ya kuandika ina heshima kubwa zaidi kwa mzee kuliko ile ya kumchanganya na wenzake wote katika neno moja.

Asidhani mtu kwamba hatari iko kwenye intaneti na barazani pekee, na kwamba hati ya serikali humaliza maneno. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika andiko la utafiti kuhusu ajira alinijia na jedwali alilolitengeneza kwa uangalifu mkubwa. Sensa ya 2012 ilikuta Wilaya ya Bagamoyo ina watu 311,740. Katika matokeo ya sensa ya 2022, mstari wa Bagamoyo ulikuwa na watu laki mbili na ushee. "Mwalimu, watu wanauhama mji," akaniambia, na alikuwa ameshaandika kurasa mbili za sababu: samaki wamepungua, vijana wamekimbilia Dar es Salaam, kodi za nyumba zimepanda. Takwimu zake zilitoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na alizinukuu bila kukosea hata tarakimu moja.

Nikamwuliza Chalinze iko wapi katika jedwali lake. Mwaka 2012 Chalinze ilikuwa ndani ya hesabu ya Bagamoyo. Baadaye ikawa halmashauri yake, na sensa ya 2022 imeipa mstari wake. Namba zote mbili ni za kweli, isipokuwa hazihesabu eneo moja. Alikaa kimya kidogo, akachukua kikokotoo cha simu, akajumlisha mistari miwili ya 2022, akaona watu wameongezeka tena sana, na zile kurasa mbili za sababu akazikunja. Nilimwomba azihifadhi. Hazina tena matumizi katika ripoti yake, lakini zinaonyesha jinsi akili ya mtu inavyoweza kuzalisha sababu za kuridhisha kabisa za jambo ambalo halijatokea.

Kuhusu ufundi wa kutafuta kwenyewe nitasema kwa ufupi, ingawa ndio unaochukua nafasi kubwa katika vitini. Mwanafunzi anayeandika "historia ya Kaole", yale magofu ya kale karibu na mji wetu, kwenye kisanduku cha kutafutia hupata kurasa za watalii zinazonakiliana, na kurasa kumi zenye sentensi moja ni shahidi mmoja aliyevaa mavazi kumi. Akijua kwamba Neville Chittick alichimba Kaole mwaka 1958, na akatafuta kwa jina la mchimbaji na kwa Kiingereza, anaanza kukutana na taarifa za uchimbaji zenyewe. Akijua kwamba jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936, anajua pa kutafuta makala ambazo huenda zisionekane kirahisi kwenye simu. Akikumbuka kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, haoni ajabu kuambiwa kwamba nyaraka nyingi za wakati huo ni za Kijerumani na kwamba baadhi zimo Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, wala hatahitimisha kwamba "hakuna kilichoandikwa". Mambo haya hayafundishiki kwa jumla. Kila somo lina njia zake na majina yake, na mkufunzi wa somo ndiye anayeyajua.

Na kuna suala la bando. Kijana anayenunua data ya siku hawezi kufungua kurasa nyingine ishirini kuhakiki ukurasa mmoja, na wengi hawajui kwamba taasisi za nchi kama yetu zinaweza kujiandikisha Research4Life na kusoma majarida ya gharama kubwa bure au kwa ada ndogo. Chuo kikiwa kimejiandikisha, nywila huwa kwa mkutubi, kwenye karatasi, ndani ya droo. Naomba ibandikwe ukutani.

Halafu imekuja akili mnemba, na wenzangu wengi wameipokea kama mwisho wa dunia. Mimi naona imeyafanya mafunzo haya kuwa rahisi kueleza, kwa kuwa sasa kuna kitu kinachotoa maneno mazuri yasiyo na mpokezi hata mmoja. Mwanafunzi mmoja aliniletea orodha ya marejeleo kuhusu uvuvi wa pwani, ya kupendeza mno. Tukachukua moja. Jarida lililotajwa lipo, toleo lipo, lakini kurasa zilizotajwa zinaangukia katikati ya makala ya mtu mwingine kuhusu kilimo, na kichwa cha makala iliyotajwa hakipatikani popote. Darasa lilicheka, kisha nikawasimulia kisa cha mawakili wa New York ambao mwaka 2023 waliwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, wakatozwa faini ya dola 5,000. Kicheko kikapungua. Sikuwakataza kuitumia programu hiyo. Niliwaambia kwamba chochote itakachowaambia ni neno lililosikika njiani, na kwamba kabla ya kuandikwa lazima apatikane aliyelisema kwanza.

Jambo ambalo bado linanikera ni usahihishaji. Tunapunguza alama kwa mkato uliokosekana kati ya jina na mwaka, na tunaacha kupunguza kwa dai lisilo na msingi, kwa sababu mkato unaonekana haraka na dai linahitaji mkufunzi naye akatafute. Kwa upande wangu nimehamishia sehemu kubwa ya alama kwenye shajara ya utafutaji, ambamo mwanafunzi anaandika alitafuta maneno gani, alipata nini, aliacha nini na kwa nini. Ninayo mbele yangu ya binti wa utalii, ameandika kwa penseli: "Nimetafuta utalii Bagamoyo, zimekuja hoteli. Nimeongeza neno mapato, yamekuja magazeti, yote yananukuu hotuba moja. Nimeitafuta hotuba." Mistari mitatu hiyo inaniambia mengi zaidi kuhusu uwezo wake kuliko ripoti ya kurasa arobaini iliyochapwa steshenari.

Muhula huu tumekubaliana na mkufunzi wa uongozaji watalii kwamba mafunzo ya kutafuta na kupima taarifa yaingie ndani ya somo lake, badala ya kubaki wiki ya kwanza maktabani. Kila mwanafunzi amechagua jambo moja linalosemwa mbele ya wageni, Kaole, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara) au misheni, akalifuata mpaka alikoweza kufika. Mwenzangu alikuwa na hofu kwamba mgeni aliyelipa kiingilio hataki kusikia kwamba mti unasema tarehe 4 na jiwe linasema tarehe 1. Tulipofanya ziara ya majaribio, wageni waliokuwepo walisimama hapohapo chini ya mnara na kuanza kubishana wao kwa wao, wengine wakimtetea Wainwright, na kijana wetu alikuwa na majibu. Malalamiko ya mwenzangu sasa ni mengine: ziara iliyopangiwa saa moja inapitiliza, na dereva wa basi anasubiri.